Dau la mtandaoni na mashine ya boti

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi mvuvi wa Wete. Nilipata mashine ya boti iliyotumika kwenye mnada wa eBay wa Marekani. Mwanzo niliandika kikomo changu dola 550, nikazidiwa, bei ikasimama 560. Usiku wa mwisho nikapandisha kikomo mpaka 700 nikitegemea pesa za mchezo (upatu) za mke wangu, bila ya kumwambia. Nikaipata kwa 620. Kijana mmoja barazani anasema ni haramu: nimeficha bei, kompyuta imezabuni badala yangu, na nimezidisha juu ya bei ya ndugu yangu. Mashine iko ukumbini, sijaifunga.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Kaifunge mashine yako, mwanangu. Mnada ni halali.

Huyo kijana ameisikia hadithi ya kukataza mtu kuingilia biashara ya nduguye, akaibeba mpaka pasipo pake. Katazo ni pale muuzaji na mnunuzi wamekwisha kuelewana. Mnadani nani ameelewana na nani, ilhali dalali bado anaita? Anas amepokea, kwa Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli. Mmoja akatoa dirhamu, Mtume akauliza nani atazidisha, mwengine akatoa mbili, akauziwa. Au naye aliingilia bei ya nduguye?

Ama kuficha bei, aende mnada wa samaki wa Darajani, Unguja, asubuhi. Ukimtuma mtoto fungu la changu ukamwambia lisipite elfu thelathini, haanzi kwa kupiga ukelele wa thelathini. Dalali akiwa na ishirini, yeye hutia ishirini na moja. Akilipata kwa ishirini na tano, elfu tano zinarudi. Huyo ni wakala, na kompyuta imefanya kazi hiyo hiyo. Katika mnada ule wa eBay, bei ikiwa baina ya dola 500 na 999.99, nyongeza ni dola 10. Mwenzako kikomo chake kilikuwa 610, ukawekewa nyongeza moja juu yake, basi. Angeandika 695 ungelipa 700 yako kamili, si 705, kwani wakala havuki alipoambiwa.

Kilichoharamishwa ni najshi: kupandisha dau bila ya nia ya kununua, ili mwengine aumie. Muuzaji anayewatia jamaa zake wamzabunie yumo humo, hata kwa nyongeza ya senti 5.

Lakini mimi lililonikera ni jengine, nawe umelipitia mbio. Kikomo cha 550 ulikiweka mchana, akili imetulia. Cha 700 umekiweka usiku, saa ya mnada inakwisha, kumi kumi zinaonekana ndogo. Na pesa si zako. Mali ya mke ni ya mke, hata mkilala chumba kimoja. Zile dola 70 zilizopita kikomo chako cha kwanza ni deni juu yako. Mwambie leo, kabla hujashusha chombo. Akisamehe, hiyo ni hisani yake. Akizitaka, mkatie katika pato la samaki kila unaporudi pwani, wala usimnunie.