Kuhusu Halo 2 na mfululizo wake
Ndugu, umeuliza kama Halo 2, mchezo wa video wa kupiga risasi, inastahili sifa zake, na kama unaweza kuuruka mchezo wa kwanza wa mwaka 2001. Usiuruke, kwa sababu huu wa pili, uliotengenezwa na kampuni ya Bungie na kutolewa Novemba 2004, unaendeleza vita vya binadamu na Covenant, muungano wa viumbe wa sayari nyingine, bila kuvisimulia upya.

Ubora wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni kumweka mchezaji mara katika nafasi ya Master Chief, askari shujaa wa binadamu, mara katika nafasi ya Arbiter, kamanda wa adui aliyeaibishwa kwa kushindwa kuilinda pete ya Halo, silaha kubwa ya angani yenye umbo la pete, hivyo wale uliokuwa ukiwapiga risasi bila kufikiri wanaonekana ghafla kuwa na imani, siasa na mifarakano yao. Kushika silaha mbili kwa pamoja kunafurahisha, ingawa huwezi kurusha bomu la mkono bila kuidondosha moja.

Kasoro yake ni mwisho: hadithi inakatika ghafla, na wachezaji wa wakati ule walingojea Halo 3 hadi mwaka 2007. Wewe huna haja ya kungoja, kwani mkusanyo wa mwaka 2014, Halo: The Master Chief Collection, una michezo yote mitatu pamoja na Halo 4, ambayo haikutengenezwa tena na Bungie.