Re: Hivi vichekesho vya mashahidi mahakamani ni vya kweli?

Mkuu, umeuliza kama vichekesho vya kizimbani tunavyosimuliana vimetokea kweli au watu wanatunga. Vingi vimetiwa chumvi, lakini kakae Mahakama ya Mwanzo asubuhi moja tu, utatoka mbavu zinauma.

Kule kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa. Mshtakiwa anamdodosa shahidi mwenyewe, na hakimu anaandika kwa mkono. Niliwahi kuhudhuria kesi ya wizi wa jogoo. Mlalamikaji kamaliza kueleza alivyoamka usiku akamwona jirani anatokomea na kuku. Hakimu akamgeukia mshtakiwa: una swali? Jamaa akajikohoza, akafunga kifungo cha koti.

"Ndiyo mheshimiwa. Huyo jogoo nilimbana mdomo, wala hakulia. Sasa yeye aliamshwa na nini?"

Kalamu ya hakimu ikasimama. Mzee wa baraza mmoja akajifanya anatafuta miwani chini ya meza. Na jamaa bado anasubiri jibu, kakunja uso, anajiona kamkamata shahidi!

Waingereza wao hawaachi kusimulia ya Mandy Rice-Davies, binti mwanamitindo aliyekuwa shahidi mwaka 1963 kwenye kesi ya Stephen Ward, tabibu wa London aliyeshtakiwa kuishi kwa mapato ya ukahaba. Aliambiwa kwamba Lord Astor, bwana mkubwa wa Kiingereza, anakana kuwa na uhusiano wa kimapenzi naye, akajibu kwamba lazima akane, sivyo? Watu wakaangua kicheko. Ila binti yule ulimi wake ulikuwa mkali, alijua anachosema. Mimi kura yangu nampa mwizi wa jogoo.