PCB au CBG kwa anayetaka udaktari

Mwanangu wa Wete, hongera kwa matokeo ya kidato cha nne. Unasema una B ya Kemia na Baiolojia, C ya Fizikia, unautaka udaktari, lakini wenzako wanakushawishi uchukue mchepuo wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kwa kuwa Fizikia ya kidato cha tano inatisha.

Chukua PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Shahada ya udaktari wa binadamu hapa kwetu, ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) ikiwemo, inadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, zote tatu. Ukiweka Jiografia mahali pa Fizikia mlango huo unaufunga mwenyewe, hata ukipata A tupu. CBG si mbaya; inamfaa anayependa mazingira au kilimo, ila wewe hukutaja hayo.

Hofu yako ya Fizikia naielewa, na wala C haikuzuii. Mara nyingi kinachowaangusha wanafunzi ni hesabu iliyomo ndani yake: trigonometria, vekta, kisha kalkulasi. Anza kuzipitia sasa, kabla hujaripoti skuli. Hesabu hiyo utaihitaji pia kwenye BAM (Basic Applied Mathematics, somo la hesabu za msingi), ambayo wa PCB huisoma juu ya masomo yao matatu.

Jambo moja nakusihi sana: ukiwa na nafasi ya kuchagua skuli, uliza habari za maabara kabla ya jina. Mtihani wa taifa una karatasi ya vitendo kwa kila somo kati ya hayo matatu, na mkono usiowahi kushika bureti, ile neli ya kupimia kimiminika maabara, hutetemeka siku hiyo. Mwombe mama akupeleke ukaione, muulize mwalimu wanafanya vitendo mara ngapi kwa muhula.