Usimtoe mtoto madrasa kwa ajili ya tuisheni: nilitolewa mimi, nikamtoa na wangu

Wiki iliyopita dada mmoja ameniandikia. Mwanawe yuko darasa la nne, Upimaji wa Taifa unakaribia, na mwalimu wa tuisheni anawataka watoto kila siku mpaka saa kumi na mbili jioni. Madrasa inaanza saa kumi. "Dada, nimtoe kwanza madrasa, akishamaliza mtihani arudi?"

Nikamjibu neno moja: usimtoe. Akauliza kwa nini. Nikaanza kumwandikia, nikifuta na kurudia, hadi nikaona bora niseme na nyote, maana najua wengi wenu mna watoto wa rika hilo na wote tunataka kitu kimoja, mtoto afike mbali kuliko sisi.

Mimi ni mtoto wa Pangani, mkoani Tanga. Nilipofika miaka sita, Bibi alinishika mkono, akanipeleka chuoni. Wakati ule kwetu "chuo" kilikuwa kile cha mkekani barazani kwa mwalimu, si hiki chenye shahada na mahafali. Akanikabidhi kwa maneno ambayo wazee wetu wote waliyasema: "Nyama yako, mifupa yangu." Maana yake, mchape utakavyo, mradi unirudishie mifupa mizima. Nilicheka. Nilidhani ni utani wa watu wazima.

Mwalimu alikuwa akishona kofia. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Tulikuwa watoto kama ishirini na tano, kila mmoja na mahali pake: huyu anaanza alifu (herufi ya kwanza ya Kiarabu), yule yuko katikati ya Juzuu Amma (ile sehemu ya mwisho ya Kurani), mwingine keshafika mbali, na wote tunasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, kila mtu na njiti yake ya chelewa akifuata herufi. Mpita njia angedhani ni kelele tupu. Mwalimu ameinamia kofia yake, sindano inaingia, inatoka. Halafu ghafla sindano inasimama. "We! Rudia hapo." Hakuinua hata uso. Katika sauti ishirini na tano amesikia moja imeteleza. Ukirudia ukapatia, sindano inaendelea. Usipopatia, unaitwa mbele.

Hakukuwa na darasa la kwanza wala la pili. Hukusogea mpaka umemsomea yeye, peke yako, uso kwa uso. Ukipanda, unapewa mdogo mmoja umfundishe ulikotoka. Mimi nilifundisha alifu nikiwa na miaka minane, na nakuhakikishia, siku niliyoanza kumfundisha mwenzangu ndiyo siku nilipoijua mwenyewe.

Sasa nifike panapouma. Nilikuwa na miaka tisa nilipochanganya aya za Suratul Kafirun. Mtoto gani hajazichanganya? Zinafanana, ukiteleza moja unajikuta umerudi ulikoanzia. Siku ile mwalimu hakusema "rudia". Alichukua bakora. Sitaeleza zaidi, ila nilirudi nyumbani siwezi kukunja vidole, na wavulana walikuwa wameangalia. Mwalimu yule ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Kumsamehe nimejaribu. Bado najaribu.

Baba hakusema kitu jioni ile. Asubuhi akasema huyu harudi kule, na mchana nikaandikishwa tuisheni. Bibi akanuna, wakapita siku kadhaa hawasemeshani, salamu zinapitia kwangu. Baba alikuwa na haki kwenye bakora. Lakini alipoitupa bakora, alitupa na mkeka wake, na sindano, na yule mdogo niliyekuwa nikimfundisha. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea mpaka leo.

Nikafaulu, ndiyo. Sitaki kujivunia, lakini wa kwetu waliokwenda sekondari mwaka ule walihesabika, na nikasoma hadi uhasibu. Miaka ya katikati naiacha, ni ya kila mtu: bweni, maharage, mkopo wa chuo kikuu, kutafuta kazi.

Nikapata mtoto. Akafika darasa la nne. Na mimi, mwenye historia hii yote, nikamtoa madrasa nikampeleka tuisheni! Sikuona hata ajabu. Sebule ya mtu, watoto zaidi ya arobaini, makaratasi ya maswali ya kuchagua A, B, C, D. Ripoti zikawa nzuri. Shule yenyewe ni ya Kiingereza, ada yake sitaitaja mume wangu asije akaisoma tena akaumia upya. Akapata alama ya juu kwenye upimaji. Nikafanya pilau.

Desemba ile nikampeleka Pangani kwa mama yangu. Mama anamwita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyotania wajukuu. Usiku umeme umekatika, mama akaanza: "Kitendawili!" Mtoto kimya. Nikamfinya: sema "tega". "Tega." "Kuku wangu katagia mibani." Akafikiri, akashindwa. "Nipe mji." Akatoa Dubai. Mama hakusita: "Nimekwenda Dubai, nimekula, nimekunywa, nimelala kitandani, wewe nimekuachia makombo. Nanasi, mume wangu!" Mtoto akauliza mibani ni nini. Miaka kumi, hajui miba, na nanasi anakula kila wiki.

Hilo si kubwa. Kubwa lilikuja asubuhi. Alikuwa anasoma kitabu chake cha hadithi cha Kiingereza kwa sauti, anatiririka kama mtangazaji. Mama, ambaye Kiingereza chake kinaishia "thenki yu", akasikiliza hadi mwisho akauliza, "Sasa huyo sungura kaenda wapi?" Mtoto akamwangalia. Akarudi kwenye ukurasa, akausoma tena, kwa ufasaha uleule. "Nimesikia, mume wangu. Kaenda wapi?" Hakujua. Hakujua hata kama sungura yumo.

Mama akanigeukia, kwa upole, ndiyo ikaniuma zaidi: "Redio nayo inasoma vizuri."

Najua mtakachosema, na nilijiambia mwenyewe kabla yenu. Je, chuoni tulijua maana? Nilisoma Juzuu Amma karibu yote bila kujua maana ya aya moja. Kweli kabisa, na kama kuna mwalimu wa madrasa anasoma hapa, afikirie kuwapa watoto maana mapema. Lakini sikilizeni tofauti. Chuoni hakuna aliyenidanganya kwamba naelewa. Kila mtoto alijua tunachoshika sasa ni herufi, sauti na moyo, na maana zinakuja baadaye kwenye darsa za wakubwa. Mwanangu alikuwa na karatasi yenye muhuri inayosema anaelewa. Nani kati yetu alidanganywa zaidi?

Ndio maana sikubali mila kuitwa kitu cha kupambia sherehe, ngoma siku ya mgeni rasmi na watoto wamevaa majani. Mwalimu Nyerere aliandika Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba kukosa shule hakukuwa na maana kwamba watoto wa zamani hawakufundishwa. Walijifunza kwa kuishi na kutenda. Tunamnukuu sana kwenye mabango. Nyumbani tunaishi kama vile elimu ilishuka na meli.

Nitawaambia kuhusu Bibi. Alikuwa na kiduka cha dirishani: sukari, mafuta ya taa, unga, papa mkavu. Aliuza kwa deni, na madeni aliyaandika kwenye daftari, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Ndivyo Kiswahili kilivyoandikwa pwani hii kwa karne nyingi. Mwana Kupona alimwandikia binti yake utenzi wa malezi mwaka 1858 kwa herufi hizo, kabla Wajerumani hawajafungua shule yao Tanga na kueneza herufi za Kirumi madarasani. Halafu serikali ikatangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kampeni njema, imewafungua macho wengi. Ila Bibi naye akaandikishwa ngumbaru! Mwanamke aliyeweka hesabu za nusu ya mtaa kwa maandishi alihesabiwa hajui kusoma wala kuandika. Alikwenda, alisema, ili asimvunje moyo kijana aliyewafundisha, aliyekuwa ndiyo kwanza kamaliza darasa la saba. Akachekesha darasa zima kwa kuanza mstari upande wa kulia.

Alipofariki nikalichukua daftari lake. Mimi mhasibu, mwenye cheti, sikuweza kusoma vitabu vya hesabu vya kwanza nilivyowahi kuviona maishani. Ilibidi mzee mmoja wa mtaani anisomee, jioni mbili, miwani imefungwa kwa uzi. Na humo, jamani, tukamkuta mwalimu wangu. Sukari nusu kilo. Mafuta ya taa chupa moja. Sukari tena. Mwaka mzima! Ada yangu ya kila Alhamisi Bibi alikuwa akiikata kwenye deni lake, na bado deni likabaki. Nilichapwa bakora ile na mdaiwa wetu. Naona haya kusema nilivyofurahi.

Basi, nilifanya nini na mwanangu? Nilimrudisha madrasa, lakini si kwa pupa. Hapa Tabata, Dar es Salaam, ziko nyingi. Nilikwenda moja nikakaa nyuma mchana mzima: ubao mweupe, sare, watoto wanaitikia kwa pamoja, mtihani wa kuchagua A, B, C, D. Wameiga shule hata makosa yake. Nikaondoka. Ya tatu ilikuwa chumba kimoja, ustadhi kijana, watoto kumi na tisa, kila mmoja anakwenda mbele kumsomea. Nikamuuliza habari ya fimbo. Akaanza kuzunguka. Nikamwambia ustadhi, mimi sikuachii nyama wala mifupa, mtoto akikosea nipigie simu. Akacheka, akakubali, na hadi leo ametimiza. Tuisheni nimebakiza Jumamosi tu.

Na nyumbani kila jioni ananisomea mimi. Huu ndio ushauri wangu wote, sina mwingine: msikilize mtoto wako. Mmoja, peke yake, kwa masikio yako. Mimi nakata mchicha, yeye anasoma. Akiteleza, kisu kinasimama. Simwambii kitu. Akinyamaza namuuliza, sungura kaenda wapi? Ikiwa ni Kiingereza kinachokushinda, afadhali zaidi, akueleze kwa Kiswahili, kama mama yangu alivyofanya. Dakika ishirini. Usiniambie huna dakika ishirini, tamthilia ya Kituruki unaimaliza.

Na ukiwa na watoto wawili, mkubwa amfundishe mdogo. Msikilize naye akifundisha.

Ndugu zangu Wakristo, msidhani siwahusu. Mnao kwaya. Mwalimu wa kwaya aliyesimamisha wimbo mzima kwa sababu sauti ya pili kuna mtu mmoja kapotea, huyo na mwalimu wangu wa kofia ni ndugu. Mtoto asitolewe kwaya kwa ajili ya makaratasi.

Muhula uliopita mwanangu amekuwa wa sita darasani, kutoka wa thelathini na moja alikoporomoka darasa la tano, maswali yalipoanza kutaka maelezo. Sisemi ni madrasa peke yake, huenda ni kukua tu. Lakini mwalimu wake wa shule ameniuliza mtoto huyu anasomeshwa wapi siku hizi, na nimelifurahia swali hilo nusu saa nzima kwenye foleni ya daladala.

Wazazi wenzangu, tunalipia majengo, mabasi ya njano na majina ya kizungu, na sikio la bure tunalikataa. Dada uliyeniandikia, mwambie mwalimu wa tuisheni mwanao atakuja Jumamosi. Akikasirika, ujue alikuwa anahesabu vichwa.

Daftari la Bibi ninalo, liko kwenye droo ya kabati la nguo. Siku hizi nalisoma na binti yangu mdogo, ana miaka saba, yuko madrasa ileile na herufi anazijua kuliko mimi. Bibi alitumia herufi moja kwa "ba" na kwa "pa", kwa hiyo tunabahatisha sana. Jumapili alisimamisha njiti yake kwenye mstari mmoja, akakunja uso, akasoma: "Baba, vipande viwili, hajalipa." Akaniangalia kwa hofu. "Mama, baba gani huyu amekatwa vipande?"

Nilimwambia asome tena, taratibu, halafu afikirie kiduka kilikuwa kinauza nini.