Songwe mpaka Dar: ndege inachukua muda gani hasa?

SWALI: Habari zenu wahariri. Mama yangu ana kliniki Muhimbili na basi la masaa 12 na zaidi haliwezi tena, miguu inavimba. Nimeangalia tiketi za Songwe–Dar (Songwe ule uwanja wa ndege wa Mbeya), moja imeandikwa kama lisaa limoja na robo, nyingine ya siku tofauti inakaribia lisaa na dakika 40. Umbali si ni uleule? Na ni kilomita ngapi, maana barabarani tunaambiwa zinapita 800? Ndaga fijo. – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Pole sana kwa kuuguza ndugu yetu. Umbali ni uleule kweli, angani ni kama kilomita 690 hivi, kwa sababu ndege haishuki Kitonga wala haizunguki Mikumi, inakata moja kwa moja. Kinachobadilika ni ndege yenyewe. Air Tanzania wana Airbus A220 ya jeti na wana Dash 8-Q400, ile ya mapanga, na ya jeti ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 800 kwa saa wakati ya mapanga inacheza kwenye 600 na kitu, kwahiyo tofauti uliyoiona ndo hapo inapotokea. Halafu muda wa kwenye tiketi unahesabiwa toka ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inapoegesha kule, sio muda wa kuwa hewani tu.

Ila mimi kinachonipa wasiwasi kwa mama ni huku chini. Toka Tukuyu mpaka Uyole ni kona na milima, ukifika Uyole unaingia barabara kuu ya malori ya Tunduma, upite Mwanjelwa, Mafiati, ushuke Mbalizi ndo uupate uwanja, na lori moja likiharibika kwenye ule mteremko foleni inasimama kabisa hakuna cha bajaji wala Noah. Kama ndege ni ya asubuhi bora mlale Mbalizi au mjini, msitoke Tukuyu alfajiri mkikimbizana na muda.

Na ukungu jamani. Songwe ukishuka mzito rubani haoni njia ya kutulia, ndege inaweza kuzunguka juu au kurudi Dar, na nyie mliokuwa mnaisubiri mnakaa hapohapo. Kwahiyo usikate tiketi ya siku ileile ya kliniki hata kama ratiba inaonyesha mtafika saa nne asubuhi.

Wakati wa kukata tiketi waambie mapema mnahitaji kiti mwendo, maana kutembea toka jengoni na kupanda ngazi kwa miguu iliyovimba ni mateso. Na kabla hujalipa hela yoyote mpigie daktari wake umuulize kama anaruhusiwa kupanda ndege, usisubiri mpaka mfike kaunta. Akikubali, na kliniki ikiwa Jumatano, nyie rukeni Jumatatu.