Kabla ya Kuzima Joto, Soma Mita

SWALI: Ndugu Mhariri, huu ni msimu wetu wa kwanza wa baridi katika nyumba inayopashwa joto kwa gesi asilia. Bili ya miezi miwili imekaribia kuwa maradufu ya tuliyotarajia, ilhali hatukuongeza joto hata kidogo. Bili inasema mita ilitoka 4210 ikafika 4550, na kando ya namba ya pili pameandikwa "makadirio". Nilipokwenda kuitazama mita yenyewe leo, niliona 04390 kisha tarakimu tatu nyekundu, 762, nami sijui zipi za kuhesabu. Mume wangu anataka tuzime joto mchana kutwa, lakini tuna mtoto wa miezi saba. Tufanye nini?
Mama wa Mtoto Mchanga

JIBU: Mama, nakupa pole, na ninakuomba usizime chochote kwanza. Tarakimu nyekundu ni vipande vya meta moja ya ujazo, basi ziache. Mita yenu leo imefika 4390. Kwa kuwa mita ya gesi hairudi nyuma, na namba hiyo ni ndogo kuliko 4550 iliyomo katika bili, ni dhahiri kwamba mmetozwa meta za ujazo 160 ambazo bado hazijapita katika bomba lenu. Mmetozwa 340, na mliyotumia hata kufikia leo ni 180 tu.

Makadirio hutokea pale ambapo hakuna aliyesoma mita, kampuni ikakisia kwa kutazama matumizi ya nyuma ya nyumba hiyo, ambayo kwenu yawezekana ni ya wakaaji waliowatangulia. Piga picha ya mita, tarakimu zake na namba yake ya utambulisho zikionekana pamoja, ulinganishe namba hiyo na ile iliyo katika bili (katika majengo ya familia nyingi watu wamewahi kulipia mita ya jirani), kisha uitume kwa kampuni kabla ya siku ya mwisho ya kulipa na kudai bili mpya. Tangu sasa soma mita kila mwezi, siku ileile. Makadirio yaliyo chini ya matumizi halisi nayo yanaumiza, kwa sababu deni hujikusanya kimyakimya na kudaiwa kwa mkupuo baridi inapokwisha.

Jambo la pili linalowachanganya wengi ni kwamba mita hupima ujazo wa gesi, lakini katika nchi kadhaa bili hutoza nishati iliyomo ndani yake, yaani kilowati-saa, zilezile uniti tunazozijua katika umeme. Meta moja ya ujazo ya gesi asilia hutoa takriban uniti 11. Kwa hiyo meta 340 mlizotozwa ni kama uniti 3,740, na 180 ni kama uniti 1,980. Ukipata hesabu iliyo mbali sana na hiyo, uliza mita yenu inapima kwa kipimo gani, kwa sababu mita za zamani hupima kwa futi za ujazo, na futi 100 za ujazo ni meta za ujazo 2.83 tu. Juu ya hayo huwa kuna tozo ya kudumu ya kila siku au kila mwezi, ambayo haipungui hata msipowasha gesi kabisa.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isiwe chini ya nyuzi 18 za Selsiasi wakati wa baridi, na kwa watoto wachanga, wazee na wagonjwa huenda zikahitajika zaidi; hapo sitakushauri ubane matumizi. Punguzeni katika vyumba msivyokaa, kwa kukaza vali ya rejeta ya ukutani (kile chuma kinachopitisha maji ya moto na kupasha chumba joto), na usiku teremsheni kidhibiti joto kwa nyuzi chache katika vyumba asimolala mtoto. Msikipandishe hadi 28 mkidhani nyumba itapata joto upesi: boila nyingi (mitambo ya gesi inayochemsha maji ya kupasha nyumba joto) hazitawaka kwa nguvu zaidi kwa sababu hiyo, zitawaka muda mrefu zaidi tu.

Kama boila yenu ni ya kisasa, ya aina inayogeuza mvuke wa moshi wake kuwa maji, kuna faida ambayo watu wengi huipoteza. Boila hiyo huokoa joto la moshi pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Wengi huiacha ikipeleka maji kwenye rejeta kwa nyuzi 75 au 80. Mkiteremsha hadi 60, rejeta hazitakuwa za moto kama awali na chumba kitachelewa kidogo kupata joto, lakini gesi itapungua. Tangi la maji ya kuoga, kama lipo, libaki nyuzi 60 ili bakteria wasizaliane humo.

Kisha lowesha mkono wako na uupitishe polepole kuzunguka madirisha, chini ya mlango na kwenye kifuniko cha dari. Penye upepo utapasikia mara moja. Zibeni hapo kwa utepe wa sponji. Matundu ya hewa yaliyowekwa kwa ajili ya boila au jiko msiyazibe kamwe, kwa sababu gesi inayoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Kwa sababu hiyohiyo msiwashe jiko la gesi ili kupasha chumba joto, na wekeni king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na anapolala mtoto.