Sharti Lako Linapima Nini? Sifa za Buliani Katika Klasi za Python

Kazi ya kupitia misimbo ya wenzangu imenionyesha kwamba makosa yanayosumbua zaidi katika klasi za Python ni yale yasiyotoa ujumbe wowote wa hitilafu: programu inaendeshwa hadi mwisho, sharti la `if` linapita, na jibu linalotoka si sahihi. Mara nyingi chanzo chake ni kwamba mwandishi amedhani sharti linapima sifa fulani, kumbe linapima kitu kingine kabisa. Tuchukue klasi hii ndogo:

```python
class Kitabu:
    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina
        self.kimeazimwa = False
        self.foleni = []

    def kinapatikana(self):
        return not self.kimeazimwa and not self.foleni
```

Mtu akiandika `if kitabu.kinapatikana:` bila mabano, sharti litapita daima, hata kama kitabu kiliazimwa zamani. Methodi yenyewe haijaitwa. Kinachopimwa ni objekti ya methodi, nayo huhesabiwa kuwa kweli siku zote. Kwa maoni yangu, jibu la ndiyo au hapana lisilohitaji hoja yoyote (thamani inayopitishwa ndani ya mabano), na linalopatikana haraka kutokana na sifa nyingine, linafaa kuwekewa `@property` juu yake. Hapo jina hutumika bila mabano, na atakayeyaongeza kwa mazoea atapata `TypeError` papo hapo. Kosa linalopiga kelele ni afadhali mara nyingi kuliko lile linalonyamaza.

Kuhusu `if kitabu.kimeazimwa == True:` sina mengi ya kusema. PEP 8, mwongozo rasmi wa mtindo wa Python, unashauri tusiandike hivyo, kwa kuwa `if kitabu.kimeazimwa:` inatosha.

Suala linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni jinsi Python inavyoamua ukweli wa kitu ambacho si buliani, yaani si `True` wala `False`. Inapokutana na objekti yoyote ndani ya sharti, kwanza hutafuta methodi `__bool__` katika klasi yake; isipokuwepo, hutafuta `__len__` na kuuhesabu urefu wa sifuri kuwa si kweli; zote mbili zikikosekana, objekti hiyo huhesabiwa kuwa kweli. Ndiyo maana `not self.foleni` hapo juu inafanya kazi, maana orodha tupu si kweli. Lakini kanuni hiyohiyo humgeuka anayeandika `if foleni:` akikusudia kuuliza kama foleni ipo, wakati swali lililoulizwa ni kama ina watu ndani yake. Ikiwa unataka kujua kama kitu kipo, andika `is not None` waziwazi. Hata maktaba ya Python yenyewe iliwahi kunaswa hapa: kabla ya toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2015, objekti ya `time` iliyowakilisha saa sita kamili usiku kwa UTC ilihesabiwa kuwa si kweli, kwa hiyo sharti lililokusudiwa kuuliza kama muda umewekwa liliukataa usiku wa manane peke yake.

Data inayotoka nje ya programu nayo inahitaji tahadhari. Neno `"False"` lililosomwa kutoka kwenye faili ni mfuatano wa herufi usio mtupu, kwa hiyo `bool("False")` hutoa `True`. Linganisha maandishi hayo na neno unalolitarajia, kisha uhifadhi matokeo ya ulinganisho huo kwenye sifa yako.

Upande wa pili, buliani zina manufaa ambayo wengi huyaacha. Tangu zilipoingizwa rasmi katika Python 2.3 mwaka 2003, aina ya `bool` imekuwa tawi la `int` (namba kamili), `True` ikihesabiwa kuwa 1 na `False` kuwa 0, kwa hiyo `sum(k.kimeazimwa for k in vitabu)` hukupa idadi ya vitabu vilivyoazimwa bila kitanzi kirefu.

Mwisho ni tabia ya kurundika buliani. Ukiongeza `kimepotea` na `kinatengenezwa` kando ya `kimeazimwa`, sifa hizo tatu zinaruhusu michanganyiko minane, ilhali kitabu kina hali nne tu zenye maana, na hakuna kinachozuia kitabu kimoja kuazimwa na kupotea kwa wakati mmoja. Mimi hapo hubadilisha sifa zote tatu kuwa sifa moja, `hali`, inayotumia `Enum` (aina yenye orodha maalumu ya thamani zilizopewa majina), ambayo ipo tangu toleo la 3.4. Ukifanya hivyo, pitia upya kila sharti lililotegemea sifa za zamani: wanachama wa `Enum` ya kawaida huhesabiwa wote kuwa kweli, hata yule mwenye thamani ya 0, kwa hiyo `if kitabu.hali:` haichuji chochote, na unapaswa kuandika `if kitabu.hali is Hali.KIMEAZIMWA:`.